Fomu Uliyoijaza Kabla ya Rufaa Yangu

Rukia, mdogo wangu,

Nimezoea kuandika barua nikiwa na hasira na mtu. Unanijua. Kabla sijaketi lazima pawe na ofisi ya kushambulia, au meneja, au diwani aliyejisahau. Leo nimeketi tangu asubuhi, chai imepoa, na kila nikitafuta wa kumshambulia napata jina moja tu, nalo ni langu.

Basi nianze na habari za nyumbani, ulivyopenda mwenyewe. Salma hajambo. Amehamia kwangu hapa Thornton Heath na amerudi shule. Binti yako analala katika kile chumba changu cha vitabu, na vitabu vimehamia kwenye ngazi, kwa hiyo sote wawili tunapanda ubavu ubavu. Bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Lakini juzi alikuwa peke yake jikoni, akafunga friji na kusema "haya basi" kwa sauti yako ileile. Nilitoka nikaenda kusimama nje kwenye mvua. Aliponiuliza, nikasema naangalia pipa la taka.

Hitima ya arobaini yako ilisomwa kwako Lewisham. Viatu vilijaa mpaka nje kwenye korido. Mimi Mtaita wa kanisani, dada yako asiye wa tumbo moja, nilijifunga mtandio, nikakaa karibu na mlango wa jikoni nikipitisha sahani za pilau, maana kusoma siwezi na kukaa bure ningepasuka. Watu walipoondoka Salma akaniletea faili lako la bluu. Akasema kuna karatasi ndani, hajui azipeleke wapi.

Kabla sijakuambia nilichokikuta, ngoja niirudie hadithi yote, kwa sababu nimeisimulia vibaya kwa watu wengi, nawe ulikuwa umekaa pembeni umenyamaza.

Ulikuja nchi hii ya Waingereza na diploma ya famasia na miaka kumi na miwili ya kutoa dawa hospitalini Mombasa. Hapa wakakupa kazi ya kuogesha wazee. Baadaye Mzee Kanti, Mhindi wa Kisumu, akakuchukua kwenye duka lake la dawa Lewisham, nyuma ya kaunta, na ni yeye aliyekutia moyo usomee ufamasia wenyewe. Ukaomba chuo kikuu. Wakakujibu: karibu, ila kwanza usome mwaka mmoja wa maandalizi hapahapa chuoni, kemia, biolojia, hisabati na saa za maabara, ndipo uingie darasa la famasia.

Ulinionyesha barua hiyo Jumamosi moja kwenye soko la Lewisham, umeshika mfuko wa bamia. Sikumaliza kuisoma. Niliwaka palepale. Nilisema watu hawa wanaiamini mikono yetu iwaoshe mama zao, wanatuachia funguo za nyumba zao, lakini karatasi zetu hawaziamini hata kuzisoma. Nilisema wewe, uliyewatibu watu mtaa mzima, unaambiwa ukakae na watoto wa miaka kumi na minane ufundishwe maji yametengenezwa na nini. Muuza nyanya alituangalia. Nikamgeukia na yeye.

Bado naamini hivyo, Rukia. Sitakudanganya eti kwa kuwa umekufa. Kuna dharau katika ofisi zile, imevaa suti na inasema samahani, na mimi nitapambana nayo mpaka nizikwe.

Lakini wewe ulisema nini siku ile? Ulisema, "Mwaka mmoja tu, dada, si karne." Nikakujibu kwa nusu saa nzima. Ukaangalia bamia zako. Ukasema, "Haya basi, Wakili. Andika."

Wakili. Jina ulilonipa, na mimi nikalivaa kama joho.

Nikaandika rufaa ya kurasa sita, wakuingize famasia moja kwa moja. Nilikuwa nimesoma kila kitu, toka sheria za vyuo mpaka historia ya nani aliamua elimu ya nani ni elimu. Wewe ukatia sahihi. Nilipomsomea Mzee Kanti dukani, aliendelea kuhesabu vidonge vya mteja, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kisumu, "Wakio, wewe nagombana na mlango, na mlango iko wazi." Nilimpa mhadhara juu ya ukoloni. Alipomaliza kuhesabu akauliza kama nataka kupimwa presha. Ulicheka mpaka ukashika kaunta. Nami nilicheka, ingawa nilikasirika.

Rufaa ilizungushwa mwaka mzima. Ikakataliwa kwa aya mbili. Septemba iliyofuata ukajiandikisha kimya kimya, ukanunua daftari la maabara na koti jeupe, wala hukunilaumu. Nilidhani hukunilaumu kwa sababu tulikuwa kitu kimoja. Nimewaambia watu hivyo, hata mbele ya vipaza sauti: mimi na ndugu yangu tulikataa kuinama.

Sasa faili la bluu. Juu kulikuwa na vyeti vya Salma, chini yake nakala ya rufaa yangu, na chini kabisa fomu ya kujiandikisha kwa mwaka wa maandalizi. Nilidhani ni ile ya Septemba uliyoingia. Kumbe ni ya mwaka wa kwanza, kabla ya rufaa. Umeijaza yote kwa herufi kubwa. Pale wanapouliza kwa nini unataka kusoma, umeandika mistari minne, ukafuta mmoja kwa uangalifu. Sahihi yako ni ya Ijumaa, siku moja kabla ya zile bamia. Na bahasha yake ipo, ina anwani, stempu imeshabandikwa.

Ilikuwa ndani ya mkoba wako pale sokoni, sivyo? Ulikuwa unapita kunionyesha tu, halafu uende posta.

Nimekaa na fomu hiyo siku nyingi. Kwenu mkubwa akisema hakatizwi. Mimi ndiye niliyekupokea uwanja wa ndege ukiwa na sanduku moja na kandambili katika baridi ya Januari. Mimi ndiye niliyemshika Salma ana siku mbili. Ungenifunga mdomo vipi mbele ya muuza nyanya? Ukanipa mwaka mmoja wa maisha yako ili nisiaibike, kisha ukaificha fomu nisije nikaiona. Mimi ninayewasomea wengine heshima ni nini na utumwa ni nini, sikujua kwamba umeniheshimu mpaka ukaumia.

Hata kama usingeupoteza mwaka huo, bado ungekufa. Daktari amenieleza, nimemwelewa, na yeye sikugombana naye. Lakini ungekufa ukiwa mwanafunzi wa famasia. Ulifia mlangoni, Rukia. Hisabati ulimaliza. Biolojia ulimaliza na alama ambazo Salma amezibandika kwenye friji. Ikabaki kemia, mtihani mmoja wa mwisho. Hata ugonjwa ulipokukaza ulikwenda maabara, koti limekupwaya, ukikaa kwenye kiti kirefu ukidondosha dawa tone kwa tone ndani ya chupa, ukingoja rangi ya waridi itokee na isimame. Ulinieleza hospitalini kwamba tone moja la haraka linaharibu kazi yote. Nilidhani unanisema mimi. Sasa natamani ungekuwa unanisema.

Wiki tatu kabla ya mtihani ukaondoka.

Nikafanya kile ninachokijua. Nikaandika. Niliwadai chuo wakupe cheti cha mwaka ule kwa jina lako, marehemu au si marehemu. Ilikuwa barua nzuri, ingewachoma. Nilimsomea Salma mezani tukila. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto wa watu. Kisha akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mtihani mmoja hukuufanya. Nikasema hilo ni jambo dogo, kila mtu anajua ungefaulu. Akaweka uma chini.

"Usikisie," akasema. Kwa Kiswahili.

Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu ufe. Sheria yako ya kaunta. Daktari ameandika vibaya, usikisie, piga simu. Mzee hakumbuki alikunywa kidonge au hakunywa, usikisie. Ulinikataza hata kukisia chumvi ya mchuzi. Na sasa binti yako ananiambia kwamba cheti cha mtihani ambao hukuufanya kingekuwa ni watu kukukisia wewe.

Akaenda kuleta daftari lako la maabara. Alikuwa analisoma chumbani bila kuniambia. Akanifungulia ukurasa mmoja, pembeni umeandika kwa penseli, kwa Kiswahili, maneno haya: "Hili sikulijua. Miaka yote nimewaambia kina mama wasinywe dawa hii na maziwa, na mimi mwenyewe sikujua kwa nini. Leo nimejua."

Nilisoma mara tatu. Rufaa yangu yote, kurasa sita, ilisimama juu ya sentensi moja: kwamba hakuna walichonacho cha kukufundisha. Na wewe hapo pembeni, kwa penseli, umefurahi kama mtoto.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku ile naikumbuka. Ulikuja kwangu moja kwa moja kutoka chuoni, mabasi mawili, umelowa. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukanieleza habari za maziwa, kwamba mna kalsiamu, na kalsiamu inaikamata dawa tumboni na kuishikilia, basi haiingii kwenye damu, inapita tu na mgonjwa anabaki na homa. Ulikuwa unaonyesha kwa vidole jinsi inavyokamata. Nilikuwa naandika makala. Nilisema "ndiyo, ndiyo" bila kugeuka. Ukachemsha chai, ukaniwekea kikombe, ukaenda zako.

Barua ile ya kudai cheti sikuituma. Nimeiweka kwenye faili la bluu, chini ya fomu yako, ikae inaitazama.

Wiki iliyopita kifua kilinibana, daktari akaniandikia dawa, nikaenda kuichukua kwa Mzee Kanti. Amezeeka ghafla. Kiti chako kiko palepale nyuma ya kaunta, ameweka maboksi juu yake ili mtu mwingine asikae. Alinipa pakiti, akanionyesha maandishi kwa kidole.

"Hii si kunywa na maziwa."

Nikamwambia najua. Na nikamweleza kwa nini. Kalsiamu, tumbo, damu, yote, na nikajikuta naonyesha kwa vidole jinsi inavyokamata, kama ulivyofanya wewe. Wateja wawili walikuwa wanangoja nyuma yangu.

"Nani fundisha wewe?" akauliza.

Nikasema ni wewe. Akazunguka kaunta, akanifungulia mlango.

Kwa hiyo nakuahidi jambo dogo, kwa kuwa makubwa umeshanisikia nikiyaahidi. Salma anataka kuomba famasia. Ameniambia jana, akasema nisimwandikie mtu yeyote. Fomu zake atazijaza mwenyewe, na zikishajazwa nitazipeleka posta siku hiyohiyo kama zitahitaji posta, bila kufungua mdomo. Na mtu akiniletea barua yake niigombanie, nitamwuliza anataka nini, halafu nitanyamaza. Nitanyamaza kweli, mpaka aseme. Hili litanishinda mara nyingi. Utaniona.

Pumzika, mwanafunzi wa kemia. Salma anaita kutoka chini, amesoma kitu na anataka kunieleza.

Naacha kalamu. Nageuka.

Dada yako,
Wakio