Mama Taratibu, Mkuza Fuwele za Eksirei

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu ulipofumba macho, na hapa nyumbani bado hakuna anayethubutu kubamiza mlango.

Ulikuwa mkuza fuwele. Kule maabara, ndani ya chupa za dawa zilizopashwa moto kidogo kidogo, ulikuza vijiwe vya rangi ya chungwa viitwavyo perovskaiti, vya kunasia eksirei. Mtikisiko mdogo tu, kijiwe kimeharibika. Tabia hiyo ukaihamishia mpaka jikoni, hata friji tukawa tunaifunga kwa adabu. Ndiyo maana Baba alikuita Mama Taratibu, nawe ukijifanya umenuna.

Samaki wetu wa mchana walipitia kwanza kazini kwako kupigwa picha. Tulijua kila mwiba ulipo kabla hatujanawa mikono.

Lakini roho yako ilikuwa kwa mjukuu wako, aliyepinda mgongo na kupigwa eksirei kila baada ya miezi minne. Ulitaka kutengeneza kwa vijiwe vyako kibamba cha kupigia picha, kinachoona vizuri kwa mionzi kidogo, mtoto asibebe mingi mwilini.

Siku moja ulirudi unacheka peke yako. Kibamba kimeona kwa mionzi kiduchu kabisa, ukamwambia mtoto. Kesho yake ukagundua kitundu cha sindano kwenye kifuniko cheusi cha kukikinga na mwanga. Kumbe kilikuwa kinaona mwanga wa dirishani. Mwingine angekaa kimya. Wewe ulimkalisha mjukuu wako ukamwambia, "Bibi kachemsha. Haikuwa eksirei, lilikuwa jua tu." Akakujibu, "Si uzibe tu, Bibi, uanze tena?" Ukaziba, ukaanza tena.

Mwisho wake hukuuona. Mwezi uliopita wenzako walituita kutuonyesha picha ya mguu wa kuku: mionzi sehemu moja ya kumi ya ile ya kawaida, na kila kifupa kinaonekana. Tukauliza kibamba chako kitafika lini hospitali. Wakasema bado miaka kadhaa.

Tukamtazama mjukuu wako. Ana miaka kumi na saba sasa. Mgongo umetulia, na daktari amesema hahitaji picha nyingine. Kazi yako imemchelewea. Yeye akawaambia wenzako, "Sawa tu. Kitawafaa wadogo."

Tulilia palepale, Mama, na tulikuwa na furaha.

Unakumbukwa na mume wako, wanao watatu, mkweo, dada yako, wenzako wa maabara, na mjukuu wako. Umo mioyoni mwetu siku zote.