Muhuri wa Baba

Karatu,
14 Julai 2025

Dada yangu mpendwa, Mama Lembris,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Mimi ni mzima. Yeyo mama yetu naye ni mzima, ukiacha goti lake lile linalotabiri mvua zisizonyesha, na Baba ana afya kuliko sisi sote. Wewe hujambo? Shemeji hajambo? Lembris ameacha kupanda mbuzi mgongoni? Ng'ombe wamepata majani huko Soitsambu? Ningekupigia simu, lakini najua mtandao mpaka upande kile kilima, na tena haya ninayokuandikia hayasemeki kwa simu. Isitoshe, barua haikatizwi, nawe ni bingwa wa kukatiza watu.

Habari kubwa ni hii: sasa ni hakika, nakwenda Mongolia kufundisha Kiingereza. Naondoka tarehe mbili mwezi wa nane. Piga vigelegele kwanza, halafu endelea kusoma.

Nilipoomba kazi hii mwaka jana, walimu wenzangu hapa Karatu walinicheka wakasema ni kazi za Wazungu. Nikaanza kukusanya karatasi. Shahada ya ualimu nilikuwa nayo. Cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokijua, masomo ya saa mia moja na ishirini, nilikisomea kwenye simu kila nilipomaliza kusahihisha madaftari. Cheti cha kuzaliwa nilikifuata Wasso, siku nzima ya vumbi ndani ya basi. Karani akaniuliza nimezaliwa lini, nikamwambia Baba anasema ni mwaka wa mvua za El Nino, siku ng'ombe walipokataa kuvuka korongo. Mama wa watu alicheka, akanihoji taratibu mpaka tukaikaribia tarehe.

Kisha ukaja usaili wa video. Mwalimu mkuu wa huko, mama mmoja mwenye mashavu mekundu, akaniuliza kama Kiingereza ndiyo lugha niliyozaliwa nayo. Nilijua wengi hukatwa hapo. Nikasema kweli tupu: nyumbani ni Kimaasai, Kiswahili nilikikuta shuleni, na Kiingereza kikaja cha tatu, kwa machozi. Akasema wanafunzi wake ni watoto wa wafugaji, nao wanakililia vilevile, na yeye anatafuta mwalimu anayekumbuka kilio hicho. Dada, nusura niibusu simu.

Ukiacha hati ya polisi niliyokuwa naingojea, kikabaki kitu kimoja ambacho hakuna shule inayokidai ila sisi: baraka ya Baba. Nilimpelekea karatasi zangu nyumbani Nainokanoka, akazishika moja moja, nyingine kichwa chini miguu juu. Akasema zimepigwa mihuri na watu wasionijua, na yeye anayenijua hajapiga wa kwake. Kama kweli mimi ni mwalimu wa wageni, nianze na yeye. Siku atakayoweza kumweleza mgeni kwa Kiingereza habari za Nanyokie, ng'ombe wetu mwekundu, kuanzia pembe hadi bibi yake, siku hiyo atanibariki. Nilidhani ananitania, kumbe wapi.

Basi tangu Januari kila Jumamosi nikawa napanda nyumbani. Tunakaa kando ya boma, Nanyokie yuko mbele yetu anacheua, mimi nauliza na Baba anajibu. Ana rangi gani? Mama yake nani? Alizaliwa lini? Ana tabia gani? Amewahi kupotea? Anauzwa? Hilo la mwisho alilijibu kwa ukali tangu siku ya kwanza: siuzi. Mengine yakawa yanaingia vizuri mpaka tukifika kwenye pembe, hapo yanapotea yote na tunaanza upya.

Sasa nisikilize bila hasira. Uliponipigia mwezi wa nne kuuliza mbona sijaondoka, nilikuambia hati ya polisi ya tabia njema imechelewa. Nilikudanganya. Hati ilitoka mwezi wa tatu, na siku zote mlizofunga mkaiombea huko kanisani ilikuwa sandukuni mwangu, chini ya kanga. Mwambie Mchungaji Yohani kwamba maombi yenu yalijibiwa kabla hamjafungua midomo. Na hiyo tabia njema iliyoandikwa humo, usicheke sana.

Kilichotokea ni kwamba mwezi huo wa nne nilikutana hapa mjini na Inosenti, yule kijana wa Kiiraqw niliyesoma naye, siku hizi anaendesha watalii. Akanisimulia kwa kicheko kwamba alipata pancha karibu na kwetu, na mzee mmoja akatokea, akawaeleza wageni wake habari za ng'ombe mwekundu kwa nusu saa nzima, kuanzia pembe hadi bibi. Mgeni mmoja alipouliza bei, mzee alikataa kwa Kiingereza safi mpaka wakampigia makofi.

Jumamosi ile nilipanda nimejiandaa kumfumania. Nikauliza habari za pembe. Baba akajikuna kichwa, akasema zimepotea. Nikamtazama, naye akamtazama ng'ombe. Na mimi, Dada, nikasema si kitu, tuanze upya.

Unajua tulivyolelewa. Binti anainamisha kichwa, baba anamgusa utosini, basi, kila mtu anakwenda zake. Nina miaka ishirini na saba na sikuwahi kukaa na Baba nusu siku. Jumamosi hizi amenieleza mengi, hata kwamba siku ulipoolewa alijificha nyuma ya ng'ombe akalia. Tena niliogopa. Kila nilikokaa, Baba aliweza kunifikia. Nilipokuwa kidato cha kwanza alinijia Karatu kwa miguu na kibuyu cha maziwa. Mongolia haiendeki kwa miguu. Kwa hiyo yeye alijifelisha makusudi, na mimi nikamwachia makusudi.

Juzi Jumamosi shule ilikuwa inataka jibu la mwisho. Nikamwambia Baba kwamba najua ya Inosenti. Alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Kisha akasimama, akataka aitwe mgeni wa kusikiliza. Mgeni hakuwepo, akaitwa Yeyo, asiyejua Kiingereza hata chembe. Baba akampa mgongo Nanyokie, akaninyooshea mimi fimbo, akaanza kwa Kiingereza kilichonyooka, kwa mpangilio uleule. Huyu ni binti yangu. Rangi yake ni nyeusi ya kung'aa. Mama yake ni huyu hapa. Alizaliwa mwaka wa mvua kubwa. Ana hasira kidogo asubuhi. Hajapotea hata siku moja. Simuuzi. Ninamwazimisha tu, na atarudi.

Neno la kuazimisha sikumfundisha mimi. Alilifuata mwenyewe kwa Inosenti.

Nililia, Yeyo akapiga vigelegele bila kujua kilichosemwa, na Baba akanitemea baraka kwa maziwa mpaka nikalowa kola.

Njoo na Lembris kabla ya tarehe thelathini, mbuzi amekwisha kuchaguliwa. Niletee shuka nzito, huko kuna baridi ya kuua. Nimemwambia Baba kwamba wafugaji wa huko huhama na nyumba zao, akasema basi hiyo si ng'ambo. Msalimie Shemeji, wasalimie majirani wote, na mbusu Lembris hata kama ananuka mbuzi.

Ni mimi mdogo wako, niliyeazimishwa,

Nailantei