Nyimbo Nilizomfasiria Zuwena

Alhamisi, baada ya magharibi

Mji Mkongwe wote hakuna anayejua Kiurdu kunishinda mimi. Uongo. Nyimbo za filamu za Kihindi nimezihifadhi tele, lakini maana yake sijui hata ya mmoja.

Marehemu mke wangu Zuwena nilikuwa nikimfasiria mle mle senema. Kila shairi lilisifu macho yake. "Muongo wewe," akinifinya, na Jumapili ataka twende tena.

Leo wimbo wake alioupenda ulipigwa redioni. Jirani yangu Bi Shirini, aliyelelewa kwa Kiurdu, akasema: "Huyu anayeimba analia, mzee. Nyumba tupu, hana wa kumwita."

Nikazima redio.

Bi Shirini, pasi yako niliitengeneza na sikukudai hata chai. Kesho nikikuuliza maana ya wimbo mwengine, nidanganye.