Harufu Nisiyoisikia

Alhamisi, 2 Mei 2024

Kina mama wa darsa hawakuja tena. Wiki ya tatu hii tangu Idi. Nimetandika mikeka, nimepika kaimati, nimefukiza ubani mpaka sebule ikawa ukungu. Saa tisa, saa kumi — kimya. Nikampigia Samiha. Ati mvua, ati magoti, wenzetu nao wana shughuli. Tutasoma wiki ijayo inshallah. Alikuwa na haraka ya kukata.

Darsa imesomwa hapa kwangu miaka kumi na minane. Nimewakosea nini?

Kaimati nimekula nne. Zilizobaki nimempelekea Nduku, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma. Mkamba, anafundisha chekechea. Alishukuru sana. Nikakaa kwake kidogo, sikuwa na haraka ya kurudi.

Jumamosi, 4 Mei

Dukani kwa Kai. Akaniuliza mbona sikuonekana juzi kwa Bi Samiha, maana alipeleka sukari na akawakuta kina mama wamejaa, wanasoma. Nikasema nilikuwa na homa.

Kumbe wanasoma. Kwa Samiha. Shoga yangu tangu chuoni, tumezaa mwaka mmoja, ndiye aliyenishika mkono siku ya maziko ya mume wangu Abubakar.

Sikupika leo.

Jumapili, 5 Mei

Nduku alikuja kurudisha sahani. Akaingia jikoni, akasimama, akaweka leso puani.

"Mama, usinikasirikie. Hii nyumba inanuka."

Nikamuuliza inanuka nini.

"Masizi yaliyooza. Na kama kitu kimekufa. Mvua ikinyesha naisikia mpaka kwangu." Akanyoosha kidole kwenye dohani, lile bomba la moshi alilojenga marehemu tulipokuwa tukioka mikate ya kuuza. Miaka miwili halijapitisha moshi.

Nikamwambia mimi sisikii kitu. Akaniangalia. "Hata sasa?" Hata sasa.

Alipoondoka nilifungua kopo la karafuu. Nikanusa. Hakuna. Iliki — hakuna. Vitunguu thaumu nikavisaga kabisa. Hakuna. Mafuta ya taa ndiyo niliyoyasikia, tena kwa mbali.

Ni ile homa ya mwaka jana, nadhani. Chakula kilikosa ladha, nikasema ni uzee na upweke. Ubani nikasema wa siku hizi hauna nguvu, nikawa naongeza tu. Nilikuwa nafukiza juu ya uvundo, na wanawake kumi na mmoja wamekaa hapo na maji ya kunywa mkononi, wanatabasamu.

Abubakar angeniambia siku ya kwanza. Ndani ya nyumba hii hamna mwingine wa kuniambia.

Jumanne, 7 Mei

Nduku ameniletea fundi, Katana, mtu mzima, mpole. Akapanda juu ya bati, akateremsha brashi kwa kamba. Vilivyoshuka: majani, nyaya, tundu zima la kunguru, na kunguru wawili wenyewe, wamekufa. Na masizi yaliyolowa, mazito kama uji. Ndoo tano.

"Mama, dohani haina kofia," akasema. "Mvua yote inaingia, halafu upepo unaisukuma harufu ndani." Ameweka kofia ya bati na wavu. Akaniambia niwashe moto mdogo wa kuni kavu kila siku ukuta ukauke.

Nikawasha. Nilikaa mbele yake mchana kutwa. Moshi unapanda vizuri. Nilikuwa nimesahau jinsi jikoni kunavyokuwa kukiwa na moto.

Jumatano, 8 Mei

Nimempigia Samiha. Nikamweleza yote, dohani, kunguru, pua yangu. Nikamwambia najua mnasoma kwako.

"Asmaa, wallahi niliona haya," akasema. "Ningeanzaje kukwambia nyumba yako yanuka? Nilisema utagundua mwenyewe."

Nikamwambia mgeni wa mwezi mmoja ameweza. Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nikamwambia aje kesho, peke yake, kabla ya wenziwe.

Alhamisi, 9 Mei

Nduku amepita saa mbili, akanusa vyumba vyote kama mkaguzi. "Sebuleni ni sawa. Jikoni bado kidogo." Au ananihurumia? Hapana, huyu hahurumii.

Sikufukiza chochote. Makusudi.

Samiha amefika. Tumeshikana mikono, hatukutazamana sana. Kasema magoti ni kweli yanamuuma, hilo hakudanganya. Nimekuja jikoni kutia chai, naandika haya maji yakichemka.

Kutoka hapa namwona kupitia mlango. Ameinuka. Amekwenda dirishani, amelifungua lote, sasa amerudi kukaa, anajipepea na ncha ya mtandio.

Leo kuna joto. Mimi mwenyewe natoka jasho.

Maji yamechemka. Nitamwekea kikombe mbele yake na nitamuuliza, nikimtazama usoni: dirisha umelifungua kwa joto, au nyumba bado yanuka?