Vikao Kumi vya Kukandwa

Chekalini, 9 Februari 2025

Mpendwa Mideva,

Salamu nyingi, mpwa wangu. Natumai u mzima huko Kakamega na jiko lako limeezekwa kabla ya mvua. Simu sizisikii tena, ndiyo maana nakuandikia. Barua anakuletea mwanangu Eugene.

Tangu uliponikanda Jumapili naweza kuinua mkono hadi kichwani. Asante. Lakini bima niliyokatiwa na Eugene kazini kwake imekataa kulipa. Wanasema kukandwa misuli wanakulipia ikiwa tu daktari ameagiza na mkandaji amesajiliwa, ana cheti. Niliwaandikia kurasa tatu kwamba wewe unaijua misuli kuliko wengi wenye vyeti. Wakanijibu kwa mstari mmoja. Nami siwezi kukuacha uendelee kuja bure kutoka mjini kila wiki.

Mjomba wako,
Onesmus


Kakamega, 2 Machi 2025

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Mwalimu mkuu mzima unagombana na bima kwa insha? Hao hawasahihishi insha.

Nilienda ofisini kwao na kadi yako. Kumbe tulianzia mwisho. Daktari anaandika kwanza ni wapi panauma, kwa nini, na ukandwe mara ngapi. Mtaalamu wa tiba ya viungo anajaza sehemu yake. Wao wanatoa kibali, ndipo matibabu yaanze. Daktari aliyekupima Januari ameandika, na hospitalini kuna dada aitwaye Cherono, amesajiliwa na ana mikono mizuri. Nilirudi pale ofisini mara nne. Wamekubali vikao kumi, mwisho wake tarehe 31 Mei.

Usinionee huruma. Mimi pia ningekuwa na cheti kama chuo kingeniita ule mwaka. Hawakuniita, basi.

Mpwa wako,
Mideva


Chekalini, 16 Machi 2025

Mideva mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi moyo umechoka, na daktari hanifichi.

Umeandika kwamba hawakukuita. Walikuita.

Unakumbuka kijiji kizima kilitumia sanduku la posta la shule, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Septemba 1996 ilikuja bahasha yenye jina lako. Ulikuwa umepata nafasi ya miaka mitatu kusomea tiba ya viungo. Wakati ule mama yangu alikuwa amelala nyumbani kwangu, nusu ya mwili imekufa, na wewe ndiwe uliyemgeuza na kumkanda, huku mimi na mke wangu tukienda kufundisha. Nilijua ukiondoka hatuna mtu. Nikaitia bahasha kwenye droo ya meza yangu, nikaifunga. Ulikuja kuniuliza mara tatu kama kuna barua. Nilikujibu, "Bado, mtoto wangu."

Aliishi miaka minne zaidi, akafa bila kidonda hata kimoja mgongoni. Watu walinishukuru mazishini, nami nikapokea shukrani zilizokuwa haki yako.

Cherono amenikanda mara tatu. Cheti chake kimetundikwa ukutani na mimi siwezi kukitazama. Ile barua ya chuo ninayo bado. Sikuombi kitu.

Mjomba wako,
Onesmus


Kakamega, 11 Mei 2025

Mjomba,

Sikusalimu leo.

Nimekaa na barua yako wiki nane. Si cheti kinachoniuma. Kinachoniuma ni kwamba karibu miaka thelathini nimewakanda watu nikijiambia kwamba mimi ni yule ambaye hakufaa.

Cherono amenipigia simu. Hujaenda tena tangu vile vikao vitatu, na kibali kinakwisha mwezi huu. Kama unajiadhibu, jiadhibu kwa kitu chako. Kibali kile nilikihangaikia kwa magoti haya.

Alhamisi nakuja kukuchukua, na siku zote zilizobaki. Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuambia. Hiyo barua ya chuo, wasomee kwanza watoto wako.

Mideva


Chekalini, 1 Juni 2025

Mideva,

Natumai umefika salama na umepumzika. Vikao vyote kumi vimekwisha, na bima imelipa vyote. Asante kwa saba ulivyonipeleka, hata vile ambavyo hatukusemezana njiani.

Eugene aliisoma ile barua mbele ya nduguze tukiwa mezani. Hakuna aliyemaliza chakula.

Tena nakushukuru kwa Ijumaa. Ulipomwambia Cherono ateremke kidogo, kwamba pale ndipo pamekaza, aliteremka na maumivu yakaachia. Akakuuliza ulisomea wapi. Uliniachia mimi nijibu. Nikamwambia, "Alijifunza kwa mwili wa mama yangu. Chuo kilimwita, mimi nikamficha barua." Nilidhani ataendelea na kazi yake. Badala yake alisogea kando na kukuomba umwonyeshe tena. Nilikuwa nimelala kifudifudi sikuona uso wako, lakini mikono yako niliitambua.

Eugene anakuletea bahasha. Ni yako.

Na ule msamaha, usiuharakishe kwa sababu ya moyo wangu. Ukinisamehe nikiwa sipo, mwambie Eugene.

Mjomba wako, ukiniruhusu,
Onesmus