Muhuri Mfukoni

Alhamisi, 24 Aprili 2014

Dada Yevdokia mpendwa,

Hamjambo huko Poltava? Sisi huku Donbas tupo. Goti la Baba bado linamsumbua, lakini juzi alipanda viazi mwenyewe. Mkate wangu wa Pasaka ulikataa kuumuka, tukaula hivyohivyo.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu siiamini tena.

Jumanne mchana Hennadiy, yule diwani aliyemsimamia binti yangu Ustyna ubatizo, aliingia ofisini na wanaume wawili wenye bunduki nisiowajua. Akaniwekea karatasi mezani. Eti madiwani wote wameiomba Urusi ije itulinde.

"Gonga muhuri, Mama Ustyna, tumalizane."

"Kikao kilikaa lini? Mimi ndiye katibu, mbona sikukiona?"

"Wewe mama, nani kakuambia uulize maswali?" akasema mmoja wa wale wawili.

Nikawaambia muhuri anao mwenyekiti, naye kasafiri. Ulikuwa mfukoni mwa sweta yangu, na Hennadiy aliuona ulivyotuna. Alinitazama usoni. Kisha akawaambia wenzake, "Kweli, anao mwenyekiti. Tutarudi Ijumaa."

Sijui alinihurumia au alinipa muda wa kuogopa zaidi. Jana niliuchoma ule muhuri jikoni, nyumba nzima ikanuka mpira. Hata Baba sijamwambia.

Barua hii anakuletea Ustyna, anasafiri na jirani yetu Larysa. Akiuliza, mwambie nakuja Jumapili. Mwambie hivyo hata usiposikia neno kutoka kwangu.

Mdogo wako akupendaye,
Raisa