Waya Ulikuwa Juu Mno

Zahanati, kijiji kipya, chini ya Buhemba
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Shikamoo nyingine mpelekee Mama huko jikoni kabla hujaendelea, maana najua barua zangu huwa unamsomea kwa sauti, na hii sitaki umsomee yote. Mguu wako unaionaje baridi ya asubuhi? Mizinga imetoa asali mwaka huu, au nyuki wamehama tena? Mama alisema karanga zimeliwa na panya. Natumaini mbegu ilibaki.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, nafanya kazi. Lakini moyo umeniishia, Baba. Hii ni mara ya nne naanza barua hii, na tatu za kwanza nimezitia motoni.

Unakumbuka nilivyokuandikia nilipofika Mara: zahanati ilikuwa kule mlimani, na ndani yake simu ya upepo, yaani redio ya kuitana na Musoma. Nilikwambia kwa furaha kwamba binti wa mtu wa simu naye amepewa simu. Waya wake ulikuwa umefungwa tu kati ya miti miwili, chini chini, hata mbuzi mrefu angeufikia. Kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa mchana niliwaita Musoma, wakajibu. Nikisema gari linahitajika, gari lilikuja. Wakati ule sikujiuliza kwa nini inafanya kazi. Kitu kikifanya kazi, nani anauliza?

Kisha tukahamia huku chini, kijiji cha ujamaa, karibu na barabara. Watu walibomoa nyumba zao wakabeba miti na mabati kichwani. Zahanati ikajengwa upya kwa siku chache, nami nikahamisha redio. Mwenyekiti wetu, Mzee Mugaya, akaniuliza, "Nesi, huku bondeni itasikika kweli?" Nikamjibu kwamba tumezungukwa na vilima, kwa hiyo tutahitaji mlingoti mrefu kuliko yote waliyowahi kuona. Hayo yalitoka kinywani mwangu, Baba. Hakuna aliyeniambia.

Kijana mmoja, Wambura, mkulima wa pamba, ndiye aliyeujua mti wa kufaa. Ulikuwa karibu na boma lake la zamani, umenyooka kama rula. Aliukata mwenyewe, wakaubeba watu wanne kutoka mlimani, mabega yamechubuka, wanaimba. Mkewe Nyangeta alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliwachotea maji.

Nilikuandikia habari za huo mti ukiwa bado haujasimamishwa. Nawe ukanijibu upesi kuliko kawaida yako. Barua yako ninayo hapa mezani. Nanukuu kwa mkono wangu ili nijiadhibu:

"Binti yangu, waya wa redio si bendera, hautaki kuinuliwa ili uheshimiwe. Ukitaka kusema na watu wa mbali sana, usimamishe. Ukitaka kusema na jirani, ulaze. Musoma kwako ni jirani. Katika vita tulikuwa na ofisa aliyependa milingoti mirefu. Tulisikika nchi za watu, kambi ya pili nyuma ya kilima haikutusikia. Laza waya, pande mbili zilingane, urefu wa watu wawili kutoka ardhini unatosha. Viungo vipake nta, maji yasiingie. Na ukisema, achia kitufe usikilize. Anayesema tu hana redio, ana kelele."

Niliisoma, nikacheka kidogo. Nilisema moyoni, Baba ni mtu wa zamani, redio za vita zile. Na tena mti ulikuwa umeshafika, watu wameshachubuka mabega. Ningemwambia nini Mzee Mugaya? Niliikunja barua yako nikaiweka sandukuni chini ya sare zangu. Tukasimamisha mlingoti, waya ukapanda wima hadi kileleni. Kijiji kizima kilipiga vigelegele.

Asubuhi ya kwanza nilifungua redio, na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya kwetu. Tabora, Baba! Mtu wa bohari la tumbaku anauliza magunia, kwa lafudhi ile ile ya mjomba. Nililia kwa furaha. Nikasema, hii ndiyo nguvu ya mlingoti. Lakini Musoma, hapo tu mbele ya Butiama, walikuwa kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, halafu wakapotea kabisa.

Nikalaumu betri. Nikaipeleka ikachajiwe, nikaongeza maji yake, nikasugua vichwa vyake kwa majivu. Bure. Karani wa kijiji akasema mlingoti ni mfupi, tuunge kipande kingine. Tukaunga. Tabora wakasikika kama wako chumba cha pili. Musoma kimya. Wiki saba niliishi hivyo, nikijiambia haijatokea shida kubwa, nitaomba fundi, fundi atakuja.

Shida ilikuja siku ya Jumatano.

Nyangeta aliletwa asubuhi, uchungu ulikuwa umeanza tangu jana yake. Nilipompima nikakuta mkono wa mtoto umetangulia. Sitakueleza zaidi, ila ujue kwamba hapo mkunga hana la kufanya. Panatakiwa daktari, kisu na taa, navyo viko Musoma. Nilimtuma mdogo wake Wambura kwa baiskeli aende Butiama kutafuta gari lolote, akakuta mto umejaa, akarudi. Mkokoteni wa ng'ombe usingevuka. Nikabaki na redio.

Nikaita, "Musoma, Musoma, Musoma, hii ni zahanati ya Buhemba chini, nina mgonjwa wa upasuaji, Musoma!" Niliita, nikaita. Nyangeta alikuwa ng'ambo ya ukuta wa mabanzi, kila nikisema Musoma naye analia. Sijui niliita kwa muda gani. Wambura aliingia, akasimama mlangoni, akaniangalia mkono.

"Nesi," akasema, "achia hicho kidude. Labda wanajibugi, wewe huwasikii."

Nilikuwa nimekibana kitufe, Baba. Nilikuwa nakiachia kiasi cha kuvuta pumzi tu, kisha nakibana tena.

Nikakiachia. Mara ile ile ikaja sauti ya mwanamume, wazi kabisa, imechoka:

"Dada unayeita Musoma. Dada unayeita Musoma. Mimi niko Tabora. Nakuita karibu saa nzima sasa, dada, unanifunika. Musoma hawakusikii. Nipe ujumbe niwape. Ova."

Nikampa. Nikamsikia akiwaita Musoma, akanyamaza, akasema tena. Majibu ya Musoma sikuyasikia hata moja, ila yeye aliyasikia, akiwa mbali namna ile. Akanirudia: "Dada, gari linatoka. Wanauliza kama mko mlimani au kijiji kipya." Nikajibu. Akawaambia. Mara tatu ujumbe ulikwenda Tabora ukarudi Musoma, kama mtu anayezunguka nchi nzima kwenda kwa jirani. Mwisho akasema, "Mwambie mama huyo ajikaze. Ova." Hata jina lake sikumuuliza.

Barabara ilikuwa tope, na mtoni walingoja maji yapungue. Gari lilifika saa kumi jioni. Nyangeta alikuwa amefariki saa tisa, na mtoto ndani yake. Mara ya mwisho aliniuliza, "Wamesikia?" Nikamwambia, "Wamesikia, mama, wanakuja." Hilo angalau halikuwa uongo.

Siku ya nne baada ya mazishi akaja mzee mmoja kwa baiskeli, amebeba bunda la waya begani. Anaitwa Mzee Masatu, anakaa Manyamanyama, Bunda. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Sasa amestaafu na ana kibali cha redio yake mwenyewe, hiyo ndiyo starehe yake. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alitazama juu, kwenye mlingoti, akatikisa kichwa.

"Mimi nilikuwaga nasikiliza tu, mama," akaniambia. "Jumatano nikamsikia mtu wa Tabora, anasema dada, dada, halafu kimya, halafu anajibu. Huyo dada mimi simsikii kabisa. Nikajiambia, basi huyo yuko karibu na mimi. Angekuwa mbali ningemsikia. Halafu huyo wa Tabora akawatajia Musoma jina la Buhemba chini."

Nilimwuliza inawezekanaje. Akachukua fimbo. "Waya ukisimama, sauti inaondoka imelala, inakwenda kupiga angani huko mbele, inaangukia Tabora. Hapa katikati inaruka tu. Ukilaza waya, sauti inapanda juu moja kwa moja, inarudi kama mvua. Inalowesha wote walio karibu, hata nyuma ya kilima." Akasema miji mingine wana mashine za kuweka juu ya mlima, zinapokea sauti na kuitupa tena upande wa pili. "Sisi hatuna. Sisi tuna watu. Musoma wakikukosa, niite mimi, nitapokeza."

Tukashusha waya. Kwenye kiungo ulikuwa na kutu ya kijani, maji yalikuwa yameingia. Akaukata hapo akaunga upya. Akapima pande mbili kwa hatua, zikalingana. Ncha akazifunga kwenye shingo za chupa ili waya usiguse mti, akautandaza kati ya mwembe wa nyuma ya choo na nguzo ya paa, urefu wa watu wawili. Kazi yote haikufika saa moja na nusu. Kisha akanipa kipaza sauti.

"Musoma, Musoma, hii ni Buhemba chini. Mnanipataje? Ova."

"Buhemba, tunakupata vizuri sana! Mlikuwa wapi siku zote hizi? Ova."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mzee Masatu ndiye aliyejibu kwa niaba yangu.

Nilipoinua macho, Wambura alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua beseni na kanga za marehemu. Alikuwa amesikia yote.

Akauliza polepole, "Kwa hiyo ni ule mti?"

Mzee Masatu akainama akajifanya anakunja waya.

Nikamwambia, "Si mti, Wambura. Ni mimi niliyetaka usimame."

"Hukujua."

Angeniacha hapo, Baba. Alikuwa tayari kuniacha hapo, na mimi ningenyamaza ningeishi. Lakini nilimwona ameshika lile beseni kwa mikono miwili, nikashindwa. Nikamwambia, "Niliandikiwa. Baba yangu alikuwa mtu wa simu vitani, aliniandikia niulaze waya. Barua ilifika mlingoti bado uko chini. Niliiweka sandukuni."

Alilihamishia beseni kwapani. Halafu akasema, "Ungekuwa hukuandikiwa, tungesema wote wawili hatukujua. Sasa peke yangu ndiye sikujua." Akaondoka na beseni.

Tangu hapo, Baba, redio inafanya kazi na zahanati ni tupu. Wiki tatu hakuna mama aliyekuja kwangu. Wanazalia nyumbani, nasikia vilio na vigelegele kwa mbali bila kuitwa. Mama mkwe wa Nyangeta nikikutana naye njiani hugeuza uso kwenye pamba. Siwalaumu. Kila asubuhi naita Musoma, wananijibu "vizuri sana," na neno hilo linanichoma kama pasi. Nimeandika barua ya kuomba uhamisho, nimeichana. Nimeandika nyingine, iko hapa. Nikiondoka, nani ataachia kitufe? Nikikaa, nani atakuja? Niambie la kufanya. Safari hii nitalifanya kama ulivyoandika, neno kwa neno, hata nisipolielewa.

Niambie pia hili: masika yanakolea, na radi za huku ni mbaya. Mzee Masatu anasema nichomoe waya kila nikisikia ngurumo na kuufunga kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Nyinyi vitani mlifukia chuma kwa kina gani? Na nitumie nta, tafadhali, bonge moja tu, ya hapa imechanganywa na mafuta inayeyuka juani.

Msalimie shangazi mkubwa, mwambie kanga aliyonipa bado inashika rangi. Msalimie kaka Kulwa na mkewe, na watoto wao wanaokusumbua usipumzike. Mjomba wa tumbaku, ukimwona, mwulize kama anamfahamu mtu anayesemea redio ya bohari asubuhi. Amshukuru kwa niaba yangu, amwambie mama yule alijikaza. Mama mpe pole ya kazi, umwambie tu kwamba ninamkumbuka.

Na iko salamu moja nimetumwa. Juzi Ijumaa Wambura alikuja dirishani wakati ninaita Musoma. Hakuingia. Alingoja nimalize, akauliza, "Huyo baba yako bado yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Mwandikie. Mwambie Wambura wa huku Mara anamsalimu. Mwambie alisema kweli, na waya tumeulaza."

Kisha akaenda zake shambani. Mimi hakuniaga, Baba. Lakini wewe amekusalimu.

Ni mimi mtoto wako,
Nyamizi